Ni ya asili, lakini ni ya uso wa nani?

Ganda la korosho lina mafuta. Ni mafuta ya mmea, hayajatiwa rangi wala manukato, na yanatoka kwenye mkorosho uleule unaolisha Mtwara na Lindi. Wabanguaji wa Newala na Masasi wanayajua vizuri: yakigusa ngozi huibabua, ndiyo maana wanaobangua kwa mkono hupaka majivu au mafuta mengine vidoleni kabla ya kuanza kazi. Hakuna anayefikiria kuyapaka usoni. Ila kwa kipimo kinachotumika siku hizi kwenye maduka ya vipodozi na kwenye simu za vijana, mafuta hayo yangefaulu bila shida: ni ya asili, asilimia mia moja.

Kipimo hicho ndicho kinachopaswa kuwekwa kando.

Meza za wauzaji wa mafuta zinafanana, iwe Kariakoo, Darajani au Mwembe Tayari. Chupa za plastiki zimepangwa kwa mistari: nazi, nyonyo, mlonge, ubuyu, parachichi, habasoda, mchaichai, karafuu. Jina limeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi, jua la saa nane linapenya hadi upande wa pili wa chupa, na maelezo ya muuzaji hayabadiliki sana kutoka chupa moja kwenda nyingine: yanaondoa madoa, yanakaza ngozi, yanaotesha nyusi, yanafaa ngozi zote. Mteja anaondoka na chupa mbili. Wiki chache baadaye paji la uso limejaa vipele. Akirudi kulalamika anaambiwa ngozi yake inatoa uchafu, avumilie tu.

Hakuna uchafu unaotolewa. Vinyweleo vimeziba.

Mafuta ya mimea yana nafasi yake usoni, tena kwa ngozi kavu na kwa ngozi ya mtu mzima ni nafasi nzuri. Lakini nazi si alizeti, alizeti si zeituni, na karafuu haimo kabisa katika kundi lao. Kila mmea huweka kwenye mbegu au tunda lake mchanganyiko wake wa asidi za mafuta, na mchanganyiko huo ndio unaoamua kama uso utalainika, utawasha au utaota chunusi. Mnunuzi ana haki ya kuuliza habari hizo, na muuzaji anayejua kazi yake hawezi kuona ubaya kuzijibu.

Tabaka la nje kabisa la ngozi ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Limejengwa na seli zilizokufa zilizobanana, na katikati yake mna mafuta ambayo mwili wenyewe huyatengeneza: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Kazi ya mchanganyiko huo ni kuzuia maji ya mwilini yasipotee na vitu vya nje visipenye. Uso unaopauka na kuvuta baada ya kuoshwa kwa sabuni kali umenyang'anywa sehemu ya mafuta hayo. Hapo ndipo mafuta ya mmea yanaposaidia: yanalainisha kingo za seli zilizokauka na kupunguza kasi ya maji kuyeyuka hewani. Maji yenyewe hayaongezi, kwa sababu hayana. Matone mawili matatu kwenye uso ambao bado una unyevunyevu, mara tu baada ya kunawa, yanafanya kazi kuliko kiganja kizima cha mafuta juu ya ngozi iliyokwisha kukauka.

Pwani, mazungumzo yoyote ya mafuta ya kupaka huanza na nazi. Nazi inakunwa kwa mbuzi, tui linakamuliwa na kuchujwa, kisha linachemshwa kwa moto mdogo mpaka maji yaishe na mafuta yajitenge, huku mashapo yakigeuka kahawia chini ya sufuria na harufu ikiwafikia majirani. Mafuta hayo huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Chupa iliyonunuliwa Tanga ikiwa ya majimaji hufika Lushoto ikiwa nyeupe na ngumu, na wapo wanaodhani wameuziwa yaliyochakachuliwa. Sivyo, ndivyo nazi ilivyo.

Sifa za nazi si za kubuni. Karibu nusu ya mafuta yake ni asidi ya lauriki, ambayo huwadhoofisha baadhi ya bakteria wa kwenye ngozi. Mwaka 2014 watafiti wa Ufilipino walichapisha matokeo ya watoto 117 wenye pumu ya ngozi ambayo haijafikia kiwango kikali. Kwa wiki nane baadhi walipakwa mafuta ya nazi yasiyosafishwa kiwandani, wengine mafuta ya madini. Waliopakwa nazi walipata nafuu zaidi. Bibi anayemsinga mjukuu wake kwa mafuta ya nazi baada ya kumwogesha hana kosa lolote, na daktari anayemcheka hajasoma.

Lakini miguu ya mtoto na paji la uso la kijana wa miaka 17 ni vitu viwili. Mwaka 1970 madaktari Gerd Plewig, James Fulton na Albert Kligman waliandika kuhusu chunusi walizoziona kwa wanaume weusi wa Philadelphia waliozoea kupaka nywele mafuta mazito: vipele vidogo vilivyojipanga kwenye paji na kwenye panja, palepale mafuta ya kichwani yanaposhukia. Miaka miwili baadaye Kligman na mwenzake Mills wakaeleza chunusi zinazoletwa na vipodozi kwa jumla. Utafiti wa aina hiyo ndio uliozaa jedwali linalozunguka mitandaoni, lile linalopima kuanzia 0 hadi 5 uwezo wa mafuta kuziba vinyweleo, na linaloipa nazi 4.

Jedwali hilo nalo lisigeuzwe msahafu. Vipimo vyake vingi vilifanywa ndani ya sikio la sungura, ambalo huziba upesi kuliko uso wa mtu, na Kligman mwenyewe ameacha jina lenye doa kubwa kwa majaribio aliyowafanyia wafungwa katika gereza la Holmesburg. Hata hivyo onyo la msingi limebaki palepale. Mwenye uso wa mafuta unaoota chunusi atumie nazi kwenye viwiko, magoti na visigino. Usoni aiache.

Kwa ngozi nyeusi jambo hili si dogo. Chunusi ikipona kwenye ngozi yetu mara nyingi huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi, na wengi huumizwa na doa kuliko walivyoumizwa na chunusi. Doa ndilo linalompeleka mtu kwenye duka la krimu za kung'arisha, zenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Nchi zilizosaini Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kwamba vipodozi vyenye zebaki viondolewe kabisa ifikapo 2025, bila kubakiza hata kile kiwango cha sehemu moja kwa milioni kilichokuwa kinavumiliwa. Biashara ya krimu hizo inaendelea chini ya meza. Sehemu ya wateja wake walianzia mahali pasipo na hatia yoyote, kwenye chupa ya mafuta ya asili waliyoambiwa yanafaa ngozi zote.

Kuna vipele vingine ambavyo mafuta huvichochea na ambavyo watu huviita chunusi kwa makosa. Vinatokea kwenye paji, mgongoni na kifuani, vyote karibu ukubwa mmoja, na vinawasha. Chanzo chake ni fangasi aitwaye Malassezia, anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu na kujilisha kwa mafuta. Maabara zinazotaka kumwotesha humwekea mafuta ya zeituni. Mtu mwenye vipele hivyo anayejipaka mafuta kila usiku akitaraji vikauke anamwandalia fangasi karamu.

Na hapo zeituni imeingia kwenye mazungumzo. Ni mafuta yenye heshima ya dini na ya historia, na hakuna haja ya kuigusa heshima hiyo. Ila mwaka 2013 watafiti wa Sheffield, Uingereza, waliwapaka watu wazima matone machache ya zeituni kwenye mkono kwa wiki kadhaa, mara mbili kwa siku. Ngozi yao ilidhoofika na ikapata wekundu kidogo, hata kwa wale ambao hawajawahi kuwa na tatizo la ngozi. Sababu inajulikana. Sehemu kubwa ya zeituni ni asidi ya oleiki, ambayo huyalegeza mafuta yaliyoishikilia ngozi pamoja. Watengenezaji wa dawa za kupaka huitumia kwa makusudi ili dawa ipenye. Parachichi na mlonge navyo vina oleiki nyingi. Kwa ngozi kavu na nzima havina vita. Kwa uso wenye pumu ya ngozi, au uliokwisha kuchubuliwa na krimu, si chaguo la kwanza.

Katika utafiti huohuo wa Sheffield kulikuwa na mafuta mengine yaliyopimwa sambamba na zeituni: alizeti. Hayakuidhoofisha ngozi, yaliiongezea unyevu na hayakuleta wekundu.

Alizeti haina mbwembwe. Inauzwa kwa madumu kando ya barabara ya Singida na Dodoma, inakaangia samaki na maandazi, na kwa kuwa ni chakula cha kila siku hakuna anayeitia kwenye chupa ya kahawia yenye kitonesha na kuipandisha bei. Lakini mafuta ya alizeti ya kawaida yana asidi ya linoleiki kwa wingi, ingawa kiasi chake hupungua mmea ukikulia kwenye joto kali na hutofautiana kwa aina ya mbegu. Linoleiki ndiyo malighafi ambayo ngozi huitumia kutengenezea baadhi ya seramidi zake. Wachunguzi wa chunusi wamegundua pia kuwa mafuta yanayotoka kwenye nyuso za wenye chunusi huwa na upungufu wa asidi hiyohiyo.

Ushahidi mzito zaidi umetoka hospitalini Dhaka, Bangladesh. Watoto njiti, ambao ngozi yao bado haijaweza kuzuia vijidudu, walipakwa mafuta ya alizeti kwa utaratibu maalumu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kuwa uwezekano wa kupata maambukizi ya hospitalini ulipungua kwa asilimia 41 ukilinganisha na wasiopakwa. Miaka mitatu baadaye ikaripotiwa kuwa vifo navyo vilipungua, kwa asilimia 26. Mafuta yanayofanya hivyo kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake hayastahili kudharauliwa kwa kuwa yanapatikana hata kwenye genge la mtaani.

Wapo watakaouliza kuhusu utafiti wa Manchester wa 2016, na wana haki. Huko watoto wachanga 115 waligawanywa. Wengine walipakwa zeituni, wengine alizeti, wengine hawakupakwa kitu. Mafuta yote mawili yalichelewesha kupangika kwa mafuta ya asili ya ngozi ya mtoto. Watoto hao walikuwa wamezaliwa salama, kwa wakati, na ngozi yao ilikuwa inajijenga yenyewe. Ngozi isiyo na shida haihitaji kusaidiwa, na hilo linawahusu pia wanawake wa miaka 25 wenye uso laini kabisa wanaojipaka tabaka juu ya tabaka kwa sababu wameona video.

Dumu la barabarani, hata hivyo, halifai kwenda moja kwa moja usoni. Yaliyokamuliwa kienyeji huwa na mashapo na harufu ya mbegu zilizokaangwa, na linoleiki ndiyo asidi inayoharibika upesi ikipigwa na jua na hewa. Mafuta yaliyochacha yanajitangaza kwa harufu, ile ya karanga zilizokaa sana ghalani, na yakipakwa huwasha. Yanunuliwe machache, yaliyochujwa vizuri, yahifadhiwe kwenye chupa ya kioo cha rangi ndani ya kabati, yamalizwe upesi. Kinachobaki kiende kwenye kikaango kabla hakijaharibika. Ni faida ambayo seramu ya bei mbaya haina.

Ugomvi mkubwa uwe na karafuu, mchaichai na ndimu. Mafuta ya mimea hii hayakamuliwi kama ya nazi wala ya alizeti. Mengi hupatikana kwa kuvukiza, na kinachotoka ni harufu ya mmea iliyokusanywa mpaka ikawa kali. Kiwanda cha makonyo kule Wawi, Pemba, huvukiza vikonyo vya karafuu, na sehemu kubwa ya mafuta yanayopatikana ni eujenoli, kitu kilekile kinachotumiwa na madaktari wa meno kutuliza maumivu. Umoja wa Ulaya uliiweka eujenoli mwaka 2003 katika orodha ya manukato 26 yanayoweza kuleta mzio, pamoja na sitrali, ambayo imejaa kwenye mchaichai. Kipodozi kinachobaki kwenye ngozi kikiwa na zaidi ya asilimia 0.001 ya kimojawapo, lazima kitajwe kwenye lebo. Mtu anayedondosha matone matano ya karafuu kwenye kijiko cha nazi na kujipaka amekwisha kukipita kiwango hicho mara nyingi mno.

Ndimu ina hila yake. Kwenye ganda lake mna kemikali zinazoamshwa na jua, na ngozi iliyopakwa kisha ikatoka nje huungua, halafu hubaki na madoa meusi. Anayepaka ndimu ili ang'ae kisha akapanda bodaboda saa sita mchana ananunua alichokuwa anakikimbia. Habasoda haina ukali huo, na wengi wanaipenda kwa sababu za imani, lakini majarida ya tiba yameripoti watu waliopata mzio mkali kwenye ngozi baada ya kuipaka. Tone moja la majaribio ndani ya kiwiko, kila usiku kwa siku tatu nne mfululizo, halimpunguzii mtu imani.

Tukirudi kwenye mafuta ya kukamua, kaskazini mwa Uganda wanawake wa Acholi na Lango hukamua moo yao, mafuta ya mti wa shea wa huko, laini kuliko shea ya Afrika Magharibi. Ni mazuri kwa midomo na kwa ngozi inayopasuka wakati wa baridi. Tatizo lake liko shambani: miti hiyo inakatwa kwa mkaa.

Wapenzi wa mafuta ya asili pia wapunguze dharau kwa mafuta ya mgando. Robert Chesebrough aliyapatia hataza Marekani mwaka 1872, yanatokana na mafuta ghafi ya ardhini, hayana hadithi ya bibi wala picha ya ua kwenye kopo. Lakini kwa kuzuia maji yasipotee kwenye ngozi, hakuna mafuta ya mmea yanayoyafikia, na katika hesabu ya vifo ya Dhaka, malhamu ya jamii hiyo ilifanya vizuri sawa na alizeti. Mwenye ngozi kavu na mfuko mwepesi asione haya kuyatumia.

Kazi moja ambayo mafuta yoyote yasipewe ni ya kukinga jua. Madai kwamba nazi au mbegu za matunda fulani zinatosha kama kinga yamesambaa sana, na yanaweza kumgharimu mtu mwenye ualbino maisha yake. Huko Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hilo linajulikana vizuri. Ndiko ilikoanza kutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mafuta ni ya usiku. Asubuhi uso unahitaji losheni iliyopimwa, kofia na kivuli.

Tanzania ilihamishia usimamizi wa vipodozi kwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, na macho ya wakaguzi yameelekezwa zaidi kwenye krimu za viwandani. Mkamuaji mdogo anayejaza chupa 20 kwa wiki hawezi kubebeshwa mzigo wa kiwanda kikubwa, na akibebeshwa ataacha au atajificha. Lakini mambo machache hayamgharimu hata shilingi: jina la mmea, sehemu iliyotumika, kama yamekamuliwa kwa baridi au kwa moto, kama yamechanganywa na mengine, na siku yaliyokamuliwa. Mnunuzi wa maziwa mtindi haondoki bila kuangalia tarehe, na muuzaji wa maziwa amezoea kuulizwa. Kwenye meza ya mafuta mazoea hayo hayapo bado. Kwa kuanzia, tarehe peke yake ingetosha, hata ikiandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha plasta.